Muhula Nje ya Uzio

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umefunguliwa leo. Tangu asubuhi barabara iliyo mbele ya nyumba yetu imejaa masanduku ya magurudumu, magodoro yaliyokunjwa na wazazi wanaotoa maagizo ambayo hakuna anayeyasikiliza. Nyumba inatazamana na lango kuu la chuo. Ukikaa kibarazani unamwona mlinzi, unauona uzio, na nyuma ya uzio unaliona paa jekundu la zahanati ya chuo. Nilikuwa mkutubi humo ndani mpaka nilipostaafu, na mtu aliyezoea kwenda kazini kwa miguu hapendi kuhamia mbali. Wanafunzi waliniita Mzee Kimya, kwa neno nililowaambia mara nyingi kuliko yote.

Mjukuu wangu amekaa kando yangu akiwatazama wenzake wakiingia. Anasoma upimaji wa ardhi, mwaka wa tatu, lakini muhula huu ameahirisha. Mwishoni mwa muhula uliopita magoti yalimvimba, homa ikapanda, na daktari kijana wa zahanati akaona kwamba ugonjwa wake wa utotoni umerudi. Akamwambia apumzike muhula mmoja. Mimi ndiye niliyesisitiza tuombe ruhusa rasmi. Wapo wanafunzi wanaojisajili kisha wakalala bwenini muhula mzima, na mimi mchezo huo siupendi.

"Babu, naona wivu," akasema.

"Wivu wa nini?"

"Wa yule pale. Kabeba godoro kichwani na bado pumzi inamtosha kumtukana mwenzake."

Alhamisi, 5 Machi

Mvua ya kwanza, nyepesi. Magoti yangu yalijua kabla ya redio.

Jumatatu, 9 Machi

Leo ilikuwa siku ya sindano, na sindano haikupatikana.

Nieleze ugonjwa wenyewe, maana watu huusikia jina wakadhani ni maumivu ya viungo tu. Mtoto huumwa koo. Koo hupona. Lakini mwili, ukiwa bado na hasira ya vita na vijidudu vya koo, hugeuka ukaanza kupiga viungo vyake wenyewe: magoti, vifundo, na mwisho moyo. Moyo una milango midogo inayofunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Mlango mmoja wa mjukuu wangu haufungi sawasawa tangu akiwa na miaka tisa. Dawa ya kuuponya hakuna. Kuna sindano ya penisilini, mara moja kila wiki nne, ya kuzuia koo lisiugue tena. Kila koo jipya linaumiza mlango ule ule.

Sindano hiyo amekuwa akichomwa zahanati ya chuo tangu mwaka wa kwanza. Leo tumevuka barabara, mlinzi wetu wa siku nyingi akatupungia mkono, tukafika dirishani kwa Bi Geti. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kazi yake ni kupokea wagonjwa, lakini wao husema kazi yake ni kuwarudisha.

Alibonyeza kompyuta, akatazama, akabonyeza tena.

"Umeahirisha."

"Ndiyo, Bi mkubwa. Daktari wenu ndiye aliyenishauri."

"Huduma ni kwa aliyesajiliwa muhula huu. Na watumishi, na wenzi wao, na watoto wao. Na wastaafu."

"Babu yangu ni mstaafu."

"Babu yako, ndiyo. Mjukuu hahesabiki kama mtegemezi." Akanigeukia. "Mzee Kimya, wewe ukitaka kupimwa presha, karibu."

"Nimeahirisha kwa sababu ya ugonjwa," mjukuu wangu akasema. "Kwa hiyo kwa kuwa naumwa, sitibiwi?"

"Mimi sikuandika kanuni, binti."

"Na mtu akizidiwa hapa hapa?"

"Dharura ikitokea ndani ya uzio tunamtibu yeyote. Hata mwizi."

"Basi nitajitahidi nianguke ndani."

"Usinifanyie mzaha kazini," Bi Geti akasema, bila hata kuinua kope.

Daktari kijana tulimwulizia. Amekwenda kusoma nje. Mimi nilipimwa presha. Iko vizuri sana.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwona Mganga Mkuu wa zahanati ya chuo. Nilimjua akiwa mwanafunzi mwembamba aliyesinzia juu ya vitabu vya anatomia, nami nilikuwa namgusa bega taratibu asiaibike mbele ya wenzake. Leo amenipokea kwa mikono miwili, akaagiza chai.

"Mzee wangu, hilo ni dogo. Kanuni haikumlenga mtu kama yeye. Niachie mimi."

Nikatoka moyo mweupe. Pale dirishani Bi Geti akaniuliza, "Kakuambia umwachie yeye?"

"Ndiyo."

"Haya."

Sikuipenda ile "haya" yake. Kuna watu hawafurahi mpaka wamwone mwenzao anahangaika.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Mganga Mkuu hajapiga simu.

Jumatatu, 16 Machi

Bado kimya. Tumekwenda zahanati ya mtaani, ile iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tabibu wake ni mtu wa maneno machache. Aliposikia jina la sindano akaweka kalamu chini.

"Hiyo sichomi, mzee."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu mmoja mmoja mwili unaikataa. Akianguka hapa sina oksijeni, sina chochote. Nitamwambia nini mama yake?"

"Huyu ameshachomwa miaka yote."

"Kwangu hajachomwa."

Sikumlaumu. Hofu ya mtu anayejua kidogo ina heshima yake.

Alhamisi, 19 Machi

Hospitali ya wilaya: dawa imekwisha, waulizeni mwezi ujao. Wakatuelekeza hospitali kubwa ya rufaa. Huko wanataka barua kutoka zahanati inayomhudumia mgonjwa. Zahanati inayomhudumia ni ya chuo. Zahanati ya chuo haimwandikii barua mtu asiyekuwa wao. Nilimweleza mjukuu wangu mzunguko huo nikichora duara kwa kidole mezani, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi mpangilio wa rafu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Babu, umeeleza vizuri. Sasa mlango uko wapi kwenye hilo duara?"

Jumapili, 22 Machi

Mvua ilipumzika kidogo, mjukuu wangu akatoka nje na fimbo, akawa anafukua chini ya ukuta wetu wa mbele. Nikamfokea arudi ndani. Akaniita nije nione. Chini ya matope kulikuwa na jiwe la saruji lenye herufi za chuo na namba.

"Jiwe la mpaka," akasema, macho yakimng'aa kama zamani. "Tulilisoma kwenye ramani mwaka jana. Uzio waliujenga ndani kwa sababu ya barabara, lakini mpaka wenyewe unapita hapa, unaikata nyumba. Babu, kibaraza chako kiko chuoni! Na chumba cha stoo. Jiko ndilo liko nje."

Tulicheka mpaka akashika kifua na kuketi.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda tena kwa Mganga Mkuu. Nikamsimulia na habari ya jiwe, nikidhani itamchekesha, na kweli ilimchekesha. Alicheka kwa moyo kabisa. "Mzee Kimya, bado unanisomesha!" Suala letu liko kwenye mchakato, akasema. Nikauliza mchakato uko wapi. Akasema uko mahali pazuri.

Chai ya leo ilikuwa ya vuguvugu.

Jumatano, 1 Aprili

Langoni wamefunga mashine ya kusoma vitambulisho. Mlinzi wetu wa zamani kahamishiwa mabwenini, na huyu mpya ni kijana aliyenyooka kama rula. Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Wanafunzi wanapita wakikohoa. Kikohozi cha bwenini nakijua: kikianza kitanda cha kwanza, hakiachi hata cha mwisho.

Ijumaa, 3 Aprili

Wenzake wanne wa darasani walikuja kumtazama. Vijana wazuri, wenye kelele. Mmoja alikuwa amefunga skafu shingoni na sauti imemkauka. Nilitaka kumwambia aondoke. Adabu ikanizuia. Walikaa hadi mvua ilipopungua.

Jumatatu, 6 Aprili

Koo linamuuma.

Jumanne, 7 Aprili

Tabibu wa mtaani katupa vidonge vya koo, hivyo anavyo. Mjukuu wangu anavimeza kwa saa, mimi nimesimama mbele yake kama askari.

Mchana, katika mapumziko ya chakula, nikaona mwavuli mweusi unavuka barabara. Bi Geti. Sikumkaribisha kwa uchangamfu, na yeye hakuungoja. Akasimama kibarazani maji yakimchuruzika kwenye viatu.

"Mzee, acha kwenda kwa yule."

"Nani?"

"Unamjua. Hajaandika kitu. Barua zote zinazotoka kwake zinapita mezani kwangu. Ya kwenu haipo. Haikuwahi kuwapo."

"Lakini aliniahidi."

"Anaahidi vizuri, ndiyo. Mimi naudhi watu siku nzima kwa sababu nawaambia ukweli, na yeye anapendwa." Akamtazama mjukuu wangu kupitia mlangoni. "Koo?"

"Tangu jana," nikasema.

Akakung'uta mwavuli. "Mimi sina mamlaka ya kumwingiza. Nina macho tu. Akizidiwa, msihangaike na magari. Mleteni langoni mchana, niko zamu. Dirisha langu linatazama hapo hapo."

Akafungua mwavuli akaondoka. Hata maji sikumpa.

Jumapili, 12 Aprili

Koo limepona. Amekula wali sahani mbili na kunitania kwamba napika kama mtu anayeadhibiwa. Nyumba yote imechangamka.

Mimi sijachangamka. Hatari ya ugonjwa huu ni kwamba koo hupona. Vidonge vikiwahi, yanaishia hapo. Vikichelewa hata kidogo, yale mengine huja baadaye, wiki mbili, pengine tatu, wakati kila mtu ameshasahau. Sikumweleza hilo. Nikakumbuka baadaye kwamba analijua kuliko mimi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Mzima.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mzima. Nimemkuta akijipapasa magoti, akaniona, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Jumamosi, 18 Aprili

Goti la kushoto limevimba.

Jumatano, 22 Aprili

Naandika haya siku moja baadaye.

Kwa siku mbili tulikuwa tukihangaika na hospitali ya wilaya, walikompa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Jana baada ya chakula cha mchana alijaribu kulala akashindwa. Akilala pumzi inakata. Akikaa inarudi nusu. Alikuwa akizungumza vipande vipande.

"Babu. Sasa. Twende."

Nje barabara ilikuwa mto. Hakuna gari lililokuwa likipita. Moja lilikuwa limezimika katikati, dereva kakaa juu ya boneti kama mtu aliyepanda jabali. Nikamshika mjukuu wangu kwapani. Mimi mwenyewe si mtu wa kuegemewa. Tulivuka tukisimama, tukivuka, tukisimama. Tulipopita jiwe lake akaligusa kwa ncha ya mguu, akajaribu kutabasamu.

Langoni mlinzi mpya akanyoosha mkono. "Kitambulisho."

Changu mashine ikakipokea. Chake ikawaka nyekundu.

"Huyu kasimamishwa, mzee."

"Hakusimamishwa. Kaahirisha. Ni mgonjwa, humwoni?"

"Namwona, mzee wangu. Naona kabisa. Lakini nikipitisha nyekundu, kesho mimi sina kazi."

Hakuwa mkatili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba aokolewe. Wakati tunabishana mjukuu wangu akaketi. Aliketi pale pale chini ya kizuizi, ndani ya maji yanayopita, taratibu, kisha akaegemea upande, na midomo yake ikawa na rangi nisiyoitaka.

Nikasikia magurudumu. Bi Geti alikuwa anakuja mbio kutoka zahanati akisukuma kiti cha wagonjwa, viatu kavibana kwapani, kichwa wazi kwenye mvua. Mwanamke mtu mzima, peku, anapita katikati ya wanafunzi waliojibanza chini ya paa.

"Huyu kaanguka ndani!" akapaza sauti kabla hajafika.

"Bi mkubwa, kaanguka hapa, nje ya kizuizi," mlinzi akasema.

Bi Geti akainama, akamshika mabega, akamvuta mpaka mwili wote ukawa upande wa ndani. "Yuko wapi sasa?"

"Lakini alipoanguka..."

"Mimi nimeona. Wewe ulikuwa unatazama mashine. Shika miguu!"

Mlinzi akashika miguu.

Walimwekea oksijeni, wakamchoma dawa ya kutoa maji yaliyojaa mapafuni. Mganga Mkuu alikuja mwenyewe. Niandike na hili, kwa haki: mikono yake ilifanya kazi kwa upole na kwa ustadi, na bila yeye leo nisingekuwa na la kuandika isipokuwa moja. Barua ya rufaa aliiandika kwa muda mfupi tu, amesimama. Gari la wagonjwa likaondoka jioni, mto ulipopungua. Muda wote huo hakunitazama machoni.

Jumatatu, 27 Aprili

Hospitali kubwa. Anapumua bila mashine. Leo wamemchoma sindano yake, ile ile tuliyoitafuta. Muuguzi alitumia muda mfupi kuliko ninaotumia kusafisha miwani.

Jumatano, 6 Mei

Tumerudi nyumbani. Mlango wa moyo umeharibika zaidi. Daktari wa moyo alinichorea, akafurahi kuona nafuata. Atahitaji upasuaji, foleni ni ndefu, watampigia. Mpaka hapo, koo moja jingine asilipate. Hakurefusha maneno: "Hili la tatu alilihimili. La nne sidhani."

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika kwamba aendelee na sindano kila wiki nne, zahanati ya chuo chake. Nikawaeleza. Nikaeleza vizuri sana, naamini. Wakasema wao huko ni wa upasuaji na waliolazwa.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda dirishani peke yangu. Nyuma ya kioo yuko kijana mwenye tabasamu.

"Bi Geti yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

Ikabidi nimweleze kwa sura. Kahamishiwa stoo ya vifaa, kampasi ya shambani, huko zinakoishia barabara za lami. Tangu wiki iliyopita.

Ubaoni pamebandikwa tangazo jipya. Nimelisoma mara mbili, kwa mazoea ya kazi. Dharura itakayotibiwa ni ile iliyomwanza mtu akiwa tayari ndani ya uzio. Wanaoletwa kutoka nje, wakiwemo walioahirisha masomo, waelekezwe kwingine. Chini kuna saini ya Mganga Mkuu. Lugha yake ni nzuri, haina kosa hata moja.

Usajili mpya ni Agosti.

Kijana akauliza kama ningependa kupimwa presha.

Ijumaa, 8 Mei

Mlinzi mpya alivuka barabara asubuhi, kofia mkononi.

"Mzee, shikamoo. Siku ile sikujua. Nimewauliza wakubwa. Mstaafu ana haki ya kuingia na mgeni mmoja, mpaka lango lifungwe. Ningejua, ningewapitisha tu."

Alikuwa karibu kulia. Nikampa kiti na maji. Kwa Bi Geti nilishachelewa.

Jumatatu, 11 Mei

Mpango ni wa mjukuu wangu, si wangu. Lango likifunguliwa tunavuka. Mlinzi anauliza, "Mgeni wako, mzee?" nami najibu, "Mgeni wangu." Tunakwenda kwenye benchi lililo mkabala na mlango wa zahanati, chini ya paa la njia ya miguu. Yeye anasoma vitabu vyake vya upimaji, mimi nasoma gazeti la jana. Hatuombi kitu. Tumekaa tu mahali ambapo, likitokea la kutokea, litakuwa limemwanza ndani ya uzio.

Mganga Mkuu alipita saa ya chakula. Akatuona. Akaelewa, nimeona alivyoelewa, maana alipunguza mwendo. Kisha akakumbuka jambo upande mwingine.

Jumanne, 12 Mei

Mvua. Tumekaa.

Ijumaa, 15 Mei

Tumekaa. Wenzake walikuja benchini. Safari hii adabu haikunizuia. Mwenye kikohozi nilimsimamisha mbali. "Mzee Kimya amekuwa Mzee Kelele," wakasema, wakacheka. Mjukuu wangu alicheka pia, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba chombo kilichojaa.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua haionyeshi dalili ya kukatika. Mabwenini wanakohoa. Ukikaa benchini unasikia.

Jumatatu, 25 Mei

Leo ndiyo siku ya sindano. Hospitali ya wilaya bado haina dawa. Tumekaa benchini kutwa, mlango wa zahanati uko mbele yetu, ukifunguka na kufungwa. Kila ulipofunguka nililiona jokofu dogo jeupe inamokaa dawa. Kijana wa dirishani alitupungia mkono.

Jioni kengele ya kufunga lango ikalia, tukavuka. Kibarazani akasimama kidogo akilitazama jiwe lake, kisha akaniomba nimsaidie kusogeza kitanda. Tumekitoa chumbani kwake tukakipeleka stoo, upande wa chuo, kichwa kikaelekea ukutani lilipo jiwe. Nikamwangalia nione kama ni mzaha, nipate kucheka naye.

Alikuwa anatandika shuka.